Kutia Sahihi Si Kuelewa

Katika River Road watu hununua, huuza na hata kugombana kwa Kiswahili. Afikapo kwa daktari wa macho, mtu huyo huyo mara nyingi hupewa fomu ya Kiingereza atie sahihi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka, inapowezekana, mgonjwa aelezwe kwa lugha aielewayo na kwa kadiri ya elimu yake.

Hata hivyo, tafsiri pekee haitoshi. Kwetu wanaisimu, kutibu na kuponya ni vitenzi viwili. Masikioni mwa mgonjwa ni kimoja. Jirani yake alipasuliwa mtoto wa jicho, akaona. Yeye anapasuliwa kwa ajili ya glakoma, ile iitwayo presha ya macho, akitarajia vivyo hivyo. Kumbe upasuaji huo hukusudiwa kuzuia upofu usizidi. Nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Asipoona nafuu hujihisi ametapeliwa, wala harudi kupimwa, na jicho huendelea kufa kimyakimya.

Nashikilia kwamba kabla ya kupewa kalamu, mgonjwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakachofanyiwa na asichopaswa kutarajia. Akishindwa, daktari aanze upya, hata foleni ikifika ngazini.