Kadi ya Chakula Mkononi mwa Mama

Juma hili twende hadi Thanjavur, katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Hiyo ni nchi ya mpunga. Maji ya mto Kaveri huzuiwa katika bwawa la Mettur, lililokamilika mwaka 1934, na kwa desturi malango yake hufunguliwa tarehe 12 Juni ili wakulima wa bondeni wapande. Maji yakiwa haba bwawani, malango huchelewa kufunguliwa, na kibarua asiye na shamba lake hukosa kazi na ujira.

Hapo ndipo huduma za kijiji zinapopimwa. Lipo duka la mgao, ambalo hupelekewa nafaka ya serikali. Mwenye kadi hupata mchele wake wa mwezi, na katika jimbo hilo hutolewa bure tangu Juni 2011. Ipo pia shule yenye jiko lake. Mwaka 1982 Waziri Mkuu wa jimbo, M. G. Ramachandran, alianzisha mpango mkubwa wa kuwapa watoto wadogo wa vijijini chakula cha mchana. Basi mzazi maskini hupata sababu moja zaidi ya kumpeleka mwanawe shuleni.

Lakini jambo ninalotaka tulitafakari ni la kadi. Zamani mkuu wa nyumba aliyeandikwa humo kwa kawaida alikuwa baba. Sheria ya chakula ya India ya mwaka 2013 ikageuza desturi hiyo: katika nyumba zinazohusika, mkuu wa nyumba kwenye kadi ni mwanamke mkubwa kuliko wote, mradi ametimiza miaka 18. Maana yake ni wazi: apikaye ndiye ajuaye chungu kimepungua nini.

Ninyi askari mwaijua safari ya ghafla. Amri hutoka jioni, na alfajiri baba yumo garini. Je, mama watoto anajua ilipo kadi ya zahanati, stakabadhi ya karo na kitabu cha benki? Au vyote vimefungiwa sandukuni, na ufunguo umo mfukoni mwa mwenye safari?

Kaeni pamoja jioni ya leo, mfungue sanduku hilo, kila karatasi ionyeshwe na kuelezwa. Mume hapungukiwi heshima kwa kufanya hivyo. Atalala kambini moyo wake umetulia, akijua watoto hawatalala njaa.