VIUNGO WETU WANAONDOKA: TUSIKIMBILIE MAMLUKI



Tangu msimu wa pamba ufungwe, hapa ghalani na pale kwenye mashine ya kusaga hoja ni moja tu: timu yetu itachezaje bila viungo wake wawili? Mmoja magoti yamemwishia, mwenyewe kasema mwaka huu ndio wa mwisho. Mwenzake anahamia Musoma kutafuta maisha. Hao ndio waliotushikia katikati miaka yote hii, mmoja akikaba, mwingine akigawa mipira. Tunawashukuru, na deni lao haliishi kwa makofi.

Sasa kuna shauri linatembea chini chini. Eti tuchangishane, na chama chetu kitie cha kwake juu, tukalete mamluki wawili kutoka mjini watuchezee kombe la ng'ombe. Sisi tunaoandika hapa hatukubali, na tunasema kwa nini.

Tuwatazame wakubwa kwanza. Mwaka 2021 Simba ilikuwa imetoka kuchukua ubingwa mara 4 mfululizo. Agosti hiyo hiyo ikawaachia kwa mpigo Clatous Chama, aliyekwenda RS Berkane ya Moroko, na Luis Miquissone, aliyekwenda Al Ahly ya Misri. Wakaingizwa wapya wengi kwa pamoja, akina Sakho, Banda na Kanoute. Siyo kwamba walikuwa wabaya. Sakho alifunga goli lililochaguliwa kuwa bora Afrika mwaka 2022. Lakini timu ilikuwa inajifunza kutembea wakati ligi imeshaanza kukimbia. Chama akarudishwa Januari 2022, maji yameshamwagika. Ubingwa wa 2021/22 ukaenda Yanga, tena bila kufungwa hata mechi moja.

Haya, Yanga nao wakapata mtihani wao. Mwishoni mwa 2022 Feisal Salum alitaka kuondoka, na mwaka 2023 akaenda Azam. Wengi tulisema katikati ya Yanga pamekufa. Hapakufa. Aziz Ki alikuwa ameshaingia tangu 2022, akazoea wenzake kabla ya mzigo kumwangukia. Mudathir Yahya akaja Januari 2023, na msimu uliofuata wakaja Pacôme na Maxi huku Aucho bado yupo. Mwaka 2023/24 Yanga ikawa bingwa tena, na Aziz Ki akawa mfungaji bora kwa magoli 21.

Hata Real Madrid, hao tunaowaona kwenye banda la video, waliwaleta Camavinga mwaka 2021 na Tchouaméni mwaka 2022, wakati Modrić na Kroos bado wanacheza. Vijana walikaa, wakatazama, wakaingia kidogo kidogo.

Mtatuambia, hao wana pesa, sisi hatuna. Ni kweli kabisa. Lakini pesa ilinunua wachezaji tu, mpango haununuliwi. Na mpango sisi tunaujua kuliko wao. Mkulima gani wa Mugeta hajafundisha maksai? Humfungi mchanga na mchanga mwenzake kwenye nira moja ukategemea mstari ulionyooka. Unamfunga na mzee anayejua kugeuka mwisho wa shamba. Na unaanza kabla mzee hajachoka, siyo siku ameanguka.

Hapa ndipo tulipokosea, na kosa ni letu sote. Wale wawili tuliwachezesha mechi zote, hata za kirafiki, hata tukiongoza magoli matatu. Vijana wa akiba wakawa wa kuchota maji na kushika nguo. Leo tunawageukia tunasema hawajakomaa. Wangekomaa lini?

Na mamluki atatupa nini? Hatumtukani, naye anatafuta riziki. Lakini akishapokea nauli na posho, Jumatatu hayupo. Tukishinda, ng'ombe ataliwa siku moja na mwakani tunaanza upya. Tukishindwa, hela imekwenda na vijana wetu wamevunjika moyo kwa kukalishwa nje ya uwanja wa kijiji chao wenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza haya:

1. Tusibadilishe wote wawili siku moja. Kwa mechi zilizobaki kabla mwenzetu hajahama, kijana mmoja aanze pamoja na mkongwe mmoja, wakibadilishana zamu.

2. Anayestaafu asiachwe aende hivi hivi. Apewe kazi ya kuwafundisha viungo wachanga jioni mbili kila wiki, na kiti katika kamati ya timu.

3. Mchango utakaopatikana ununue mipira na viatu, na hesabu zake zibandikwe hapa hapa ukutani.

4. Fedha ya chama ni jasho la pamba ya kila mwanachama, wapenda mpira na wasioupenda. Isiguswe kwa maneno ya vijiweni. Anayeitaka aiombe mbele ya mkutano mkuu.

Tutafungwa? Tutafungwa, mechi mbili tatu. Tusidanganyane. Watani wa vijiji jirani watatuimba, nasi tutavumilia. Lakini Biashara United ya Musoma ilitufundisha watu wa Mara jambo moja: ilishika nafasi ya nne Ligi Kuu msimu wa 2020/21, na mwaka 2022 ikateremka daraja. Timu siyo ya msimu mmoja. Inajengwa kila mwaka, na mwaka usipojenga unabomoka.

Na maneno haya siyo ya mpira peke yake. Chama kikiwa na mtu mmoja tu anayejua kusoma mizani vizuri, siku akiugua foleni nzima ya pamba inalala nje. Kila kazi hapa kijijini ina kiungo wake, na kila kiungo atachoka siku moja. Tujiulize nani anakaa karibu naye akijifunza.

Mkutano wa timu ni Jumamosi, saa tisa alasiri, uwanjani shuleni. Asiyekubaliana nasi aje aseme, tutamsikiliza. Vijana nao waje, safari hii siyo kushika nguo.

Ushirika ni nguvu. Kazi kwenu.