Acha Bata Atulie

Umenunua bata wawili, umewafikisha nyumbani, na sasa wamejibanza kwenye kona ya banda wakitetemeka. Watoto wanataka kuwashika. Wakataze. Siku za kwanza bata hahitaji kubebwa. Anahitaji mahali ambapo mbwa hafiki, chakula, na maji ya kina cha kuzamisha mdomo mpaka puani, maana akila lazima asafishe pua. Wewe keti chini karibu nao, nyamaza, wakuzoee. Ukiwakimbiza leo, kesho wakikuona watatoroka tena.

Sasa nisikilizeni, hasa ninyi mnaopokea wageni mlangoni. Mtu ameingia kanisani mara ya kwanza. Hata hajapata kiti vizuri, tumemsimamisha, tumempa maiki, tumechukua namba yake ya simu, tumemuuliza aliokoka lini. Jumapili ijayo hayupo, nasi tunasema shetani amemteka. Shetani gani?

Soma 1 Wafalme 19. Eliya amekimbia, amechoka hata kuishi. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamlisha tena. Maswali yalingoja mpaka Horebu.

Jumapili hii maiki ibaki madhabahuni. Wageni wapewe chai.