Tusisomewe Jumla Kuu Pekee

Nimeshika kalamu kuomba jambo moja ambalo huenda wengine wakaliona dogo. Kila muhula ukifika ukingoni, sisi wanachama husomewa ripoti ya michango. Jumla ni hii, matumizi ni haya, salio ni hili, makofi! Hakuna anayejua darasa la Mashariki lilitoa ngapi wala safari ya tamasha ilikula ngapi. Kwangu mimi ripoti kama hiyo bado haijasomwa.

Wengi wetu hapa Manyatta tumelelewa na majani chai na kahawa, kwa hivyo mfano hauko mbali. Mkulima wa chai wa KTDA hupimiwa majani kituoni, akapewa risiti ya kilo zake. Kilo zake za mwezi hukusanywa chini ya nambari yake mwenyewe. Baadaye huja bonasi, nayo hutofautiana kiwanda kwa kiwanda. Sasa mtu amwambie mama yako, "Mama, kiwanda cha Mungania kilipata majani mengi sana mwaka huu, nenda nyumbani ushangilie." Si kutawaka moto? Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini kibaba hicho ni cha nani?

Hata kura ni hivyo hivyo. Kura za urais huandikwa kituoni kwenye Fomu 34A, zikajumlishwa kwa eneo bunge kwenye Fomu 34B, na za taifa zima kwenye Fomu 34C. Mwaka 2022 Fomu 34A ziliwekwa mtandaoni, na mwenye subira akaweza kujijumlishia mwenyewe. Huo ndio uzuri wa jumla ndogo: humpa mtu wa chini mahali pa kushika.

Kompyuta ya shule inaweza kutufanyia kazi hii. Kiolezo cha ripoti kwenye lahajedwali hutengenezwa mara moja, kisha kila muhula ni kujaza tu. Lakini lazima orodha ipangwe kwanza kwa darasa. Ukiiambia Excel ikate jumla ndogo kabla ya kupanga, Mashariki itatokea mara tano kama mzimu. Tena aliyeandika "Mashariki" hapa na "Mash." pale amezaa madarasa mawili, maana mashine haijui kukisia. Na ukitumia SUM kwa safu nzima, jumla ndogo zitahesabiwa tena. Pesa zitazaana kwenye karatasi na mfuko ubaki vile vile. Tumia SUBTOTAL yenye nambari 9, ambayo huziruka SUBTOTAL nyingine zilizo ndani yake.

Wastani nao una mtego wake. Darasa la watu 40 likitoa wastani wa shilingi 60, na la watu 20 wastani wa shilingi 90, wastani wa wote si 75. Ni 70. (Wapenda kubishana kuhusu wastani wa mitihani, nanyi mjipime hapo.)

Kuna wanaosema kwamba kuonyesha kila darasa kutawaaibisha wasio na uwezo. Hapo nakubali nusu. Jina la mtu lisibandikwe ukutani, kwani sote twajua kuna nyumba ambazo mwezi huu karo tu imewashinda. Kiolezo kiishie kwenye darasa, na idadi ya wanafunzi iandikwe kando, ili darasa dogo lisionekane bahili bure. Upande wa matumizi, hata hivyo, sioni aibu ya nani tunaificha. Usafiri uwe na jumla yake, chakula jumla yake, uchapishaji wa jarida hili jumla yake.

Naomba basi mweka hazina wetu abandike karatasi hiyo kwenye ubao wa matangazo siku tatu kabla ya mkutano ujao, tuje tukiwa tumeisoma. Akikosa wa kumpigia chapa, mimi nipo kila Ijumaa baada ya michezo.