Neno la Baba na Wimbo wa Mwana

Mtoto wa leo akiona picha yasema, hashangai. Zamani picha za sinema zilikuwa bubu. Watu walisoma maneno yaliyoandikwa kwenye kitambaa.

Tarehe 6 Oktoba, 1927, mjini New York, kampuni ya Warner Bros. ilionyesha picha iitwayo The Jazz Singer. Sauti ilitoka katika santuri za inchi 16, zilizozungushwa pamoja na filamu. Sindano ikiruka, midomo na maneno hupishana. Nyimbo zilikuwamo kadha wa kadha, lakini mazungumzo yenyewe yalikuwa ya dakika mbili hivi tu.

Hadithi yake ni ya nyumbani. Mzee Rabinowitz ni mwimbishaji wa sala katika sinagogi, kama wazee wake. Mwanawe Jakie apenda nyimbo za jazi. Baba amchapa, mtoto atoroka. Miaka yapita, arudi mtu mzima. Aketi kwenye piano, amwimbia mama na kumtania kwa maneno matamu. Mara baba aingia, apaza sauti: Acha! Hapo mazungumzo yakoma, na watu warudia kusema kwa maandishi.

Wazazi wenzangu, ni nyumba ngapi zimekuwa bubu kwa neno kama hilo? Na sauti ile aliyoikataa mzee, mwana aliifunzwa na nani kama si yeye? Hata Al Jolson, aliyeigiza Jakie, alikuwa mtoto wa mwimbishaji wa sinagogi.

Mwishoni mzee yu kitandani, karibu kufa. Ni usiku wa Siku ya Upatanisho, na usiku huo huo mwana angoja kuanza mchezo wake mkubwa Broadway. Aacha jukwaa, aenda kuimba sala mahali pa babake. Mzee amsikia kupitia dirishani, kisha afa kwa amani. Baadaye mwana arudi jukwaani, na mama yuko kitini akimsikiliza.

Si yote humo ya kusifiwa. Jolson ajipaka uso rangi nyeusi kuwaiga watu weusi, mchezo wa dharau uliozoeleka Marekani siku zile. Mkiitazama na watoto, waambieni wazi kwamba ilikuwa dharau.

Twasema, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini kumkunja si kumvunja. Mzee Rabinowitz alimsikiliza mwanawe siku ya kufa. Sisi tuwasikilize wetu leo, tungali hai.