Chai ya Wafungwa kule Azrou

Leo, wasomaji wapenzi, tupande pamoja milima ya Atlas ya Kati, katika nchi ya Moroko, mpaka mji mdogo wa Azrou. Umejengwa juu, zaidi ya mita 1,200 toka usawa wa bahari, na wakati wa baridi theluji huangukia mapaa yake. Wenyeji ni Waberberi, ambao wenyewe hujiita Imazighen. Katika lugha yao azrou maana yake ni mwamba, na mwamba wenyewe upo papo hapo mjini. Siku ya Jumanne wachungaji hushuka sokoni na kondoo zao. Wanawake hufuma mazulia ya sufu. Juu ya mji yaanza misitu ya mierezi, jamaa ya mierezi ya Lebanoni tuisomayo katika Zaburi, na ndani yake hukaa nyani wasio na mkia. (Wageni huwatupia karanga, jambo ambalo tungependa waliache.)

Mwaka 1952 watawa Wabenediktini toka monasteri ya En-Calcat, Ufaransa, walikuja kukaa Tioumliline, kilomita chache juu ya Azrou. Tukumbuke wakati wenyewe. Wafaransa ndio waliotawala, na tangu zamani walijitahidi kuwatenga Waberberi na Waarabu. Mwaka 1927 walifungua chuo mjini Azrou kwa vijana wa Kiberberi tu. Mwaka 1930 wakatoa amri ya kuwaweka Waberberi mbali na sheria ya Kiislamu. Wamoroko wengi walikasirika, wakidhani ni hila ya kuwageuza Wakristo. Basi padre Mfaransa akija kujenga kanisa mlimani, nani asimwonee mashaka?

Mashaka hayo hayakuondolewa na mahubiri. Agosti 1953 serikali ilimpeleka uhamishoni Sultani Mohammed wa Tano, na wengi waliodai uhuru wakafungwa. Kundi moja la wafungwa hao lilifikishwa karibu na monasteri. Mkuu wa watawa, Padre Denis Martin, aliwapa chai. Tendo dogo, twaweza kusema, lakini wakubwa wa serikali walichukizwa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto yaagiza kila mgeni apokelewe kama Kristo. Haituruhusu kuuliza kwanza amefungwa na nani.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1956, baadhi ya wafungwa wa jana walikuwa wenye mamlaka, wala hawakuisahau chai ile. Kiangazi cha mwaka huo huo Waislamu, Wakristo na Wayahudi walikusanyika Tioumliline kusoma na kuzungumza pamoja. Watawa walikuwa na zahanati pia, tena walilea watoto yatima.

Mwaka 1968 waliondoka, na nyumba ikabaki tupu. Filamu juu ya watawa wa Tibhirine, iliyotoka mwaka 2010, ilipigwa humo. Lakini kabla ya kufunga mlango, Tioumliline ilikuwa imekwisha kuzaa monasteri mbili katika Afrika yetu: Bouaké, nchini Kodivaa, mwaka 1960, na Koubri, Burkina Faso, mwaka 1963.