Bafu la Uani na Madeni Yake

Katika nyumba nyingi za Marekani, hasa upande wa California, uani pamewekwa bafu kubwa la maji moto. Watu wanne au watano huketi ndani yake pamoja, maji yakiwafika kifuani, na mashine huyavuruga maji hayo kwa nguvu hata yakatoka povu. Watu huliita jakuzi. Wauzaji wake wana maneno matatu ya kumvutia mnunuzi: lete, jaza, ingia. Maneno haya ni mafupi na matamu, wala hapana hata moja kati yake lisilo na uwongo ndani.

Asili ya chombo hiki haikuwa anasa. Jacuzzi ni jina la ukoo wa Waitalia waliohamia California wakafanya kazi ya kutengeneza pampu. Mmoja wao, Candido, alikuwa na mtoto aliyeugua baridi yabisi ya viungo tangu utotoni, naye Candido akabuni pampu ya kutia katika bafu la kawaida ili maji yamkande mtoto mwili. Pampu hiyo iliingia sokoni mwaka 1956. Mwaka 1968 mtu mwingine wa ukoo huo, Roy Jacuzzi, alitengeneza bafu lenye matundu ya kusukuma maji katika kuta zake, na tangu hapo dawa ya mgonjwa ikawa starehe ya mzima. Si kosa mzima kustarehe. Lakini dawa ilipohama kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mzima iliuacha nyuma uangalizi wake, na hilo ndilo jambo ambalo wauzaji hawalisemi.

Wasema lete. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Bafu la watu watano huchukua lita 1,500 au karibu yake; bafu lenyewe likiwa tupu lina kilo 300 au zaidi; na watu watano wazima ni kilo 350. Jumla yapita tani 2. Mzigo huu hauwekwi juu ya majani, wala juu ya baraza la mbao ambalo fundi hakulipima. Wataka sakafu ya zege iliyosawazishwa vema, yenye nondo na unene wa sentimita 10 hivi. Aghalabu mnunuzi huulizia rangi ya bafu na idadi ya viti. Zege halikumbukwi mpaka lori limekwisha kusimama mlangoni. Baada ya zege uko umeme. Bafu kubwa hutaka njia yake peke yake, kwa kawaida ya Marekani volti 240 na ampea 50, yenye kifaa kinachokata umeme mara unapovuja, na swichi ya kuzimia ambayo yaonekana kutoka majini lakini haifikiwi na mkono wa aliyemo ndani. Hii si kazi ya mwenye nyumba na bisibisi yake siku ya Jumapili.

Wasema jaza, na hapa ndipo penye uwongo mkubwa kuliko wote. Maji ya bafu hili huwekwa karibu na digrii 40 za Selsiasi, nayo ndiyo kikomo. Kuna bakteria waitwao Legionella, waletao kichomi kikali cha mapafu, na bakteria hao husitawi katika maji ya digrii 25 hata 45. Basi joto limpendezalo muogaji ndilo liwapendezalo wao. Klorini ya kuwaua huisha upesi katika maji moto, na kila aingiaye huyaongezea maji jasho, mafuta na ngozi iliyokufa. Kisha mashine huyarusha maji hayo hewani kwa matone madogo mno, na matone hayo huvutwa pamoja na pumzi. Kwa hiyo klorini haina budi kupimwa mara kwa mara, isipungue miligramu 3 katika kila lita, chujio lisafishwe, na maji yote yamwagwe na kubadilishwa kila baada ya miezi michache, hata kama kwa macho yanaonekana safi.

Mtu akidhani kwamba haya ni maneno ya kutishia watoto, na aangalie yaliyotokea Bovenkarspel, Uholanzi, mwaka 1999. Palikuwa na maonyesho makubwa ya maua, na katika maonyesho hayo liliwekwa bafu la namna hii, likajazwa maji na kuendeshwa ili watazamaji wavutiwe kulinunua. Haikumpasa mtu kuoga ili augue. Watu walipita tu, wakatazama, wakavuta pumzi. Wapatao 30 walikufa.

Wasema ingia. Mwaka 2002 msichana wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, alikufa huko Marekani baada ya kunaswa na mvuto wa tundu la kutolea maji ndani ya bafu la maji moto. Sheria yenye jina lake ilipitishwa mwaka 2007, ikataka vifuniko vya matundu hayo viwe vya aina isiyonasa mwili. Lakini masharti yake ya uwekaji yanahusu mabwawa ya umma. Uani kwa mtu haendi mkaguzi.

Watetezi wa bafu hujibu kwamba bahari nayo yaua, na hakuna aipigiaye marufuku. Ni kweli, lakini bahari haiuzwi dukani kwa ahadi ya mapumziko.

Jina nalo limesaidia kuficha mambo. Jakuzi ni jina la watu, halimwambii mnunuzi lolote juu ya kazi inayomngoja. Kiswahili kina neno hamamu, nalo lina kumbukumbu: Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hata 1888, alijenga hamamu ya watu wote, na mtaa wake katika Mji Mkongwe waitwa Hamamni hata leo, ingawa maji yalikwisha kukauka zamani. Hamamu ni mahali pa wengi, na mahali pa wengi hapaendi bila mtu wa kupatunza. Bafu la uani ambalo jirani, shemeji na wajukuu hulijia kila Jumamosi ni hamamu, hata likiitwa chombo cha nyumbani, na mwenye nyumba ndiye mtunzaji wake, apende asipende.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wauzaji wa bafu hungoja mpaka nguo zimekwisha kuvuliwa ndipo watoe orodha ya madawa. Muuzaji mwaminifu na aandike katika bei yake, siku ya kwanza, gharama ya zege, ya fundi wa umeme, ya karatasi za kupimia maji na ya klorini ya mwaka mzima. Mnunuzi akiisha kuiona jumla hiyo, ndipo aulizwe anapenda rangi gani.